Shughuli kubwa ipangwe kuanzia meza ya mwisho

Ndugu Mhariri,

Naomba unipe nafasi kwenye ukurasa wa barua, na kama inawezekana usinikatie sana maana hili jambo nimelibeba muda mrefu na kila nikiona shughuli kubwa inaandaliwa naona yaleyale yanarudiwa. Mimi kazi yangu ni kusimamia shughuli, yaani yule mtu anayekimbia nyuma ya pazia na redio kiunoni wakati wageni wamekaa. Na ninachotaka kusema ni kimoja tu, shughuli ya kifahari kwenye eneo kubwa inatakiwa ipangwe kuanzia meza ya mwisho kabisa, ile iliyo mbali na jukwaa karibu na mlango wa jikoni, sio kuanzia meza kuu. Watu wengi wanapanga kinyume chake ndo maana pesa nyingi inatumika na bado nusu ya wageni wanaondoka hawajaona wala kusikia kilichowaleta.

Kikao cha kwanza cha maandalizi swali la kwanza huwa ni rangi. Rangi gani, maua gani, jukwaa liweje. Mpambaji anaitwa siku hiyohiyo na anakuja na picha kwenye simu, kila mtu anapenda, bajeti inaanza kukatwa hapo. Fundi wa sauti anaitwa mwezi mmoja baadae, fundi umeme anaitwa wiki ya shughuli, na wa milango na njia za watu huyo haitwi kabisa kwa sababu hakuna anayejua kwamba anahitajika. Sasa kwenye ukumbi wa watu 150 mpangilio huo utapita, sauti ya mtu inafika, mhudumu anaona meza zote kwa kugeuza shingo. Ukiingia kwenye ukumbi wa watu 800 au kwenye hangari au ghala lililogeuzwa ukumbi, eneo lenyewe linaanza kukupinga, na halipingwi na maua.

Tuchukue mfano wa ukumbi wenye urefu wa mita 60 na upana wa mita 30. Hizo ni mita za mraba 1,800. Mwenye ukumbi atakwambia unabeba watu 1,200 maana amegawa kwa mita ya mraba moja na nusu kila mtu, na hesabu ya mita moja na nusu kwa mtu aliyekaa mezani kweli ni hesabu inayotumika. Ila amesahau jukwaa, amesahau sehemu ya kuchezea, meza ya mafundi, skrini na umbali wake, njia ya wahudumu, njia ya kwenda milango ya dharura ambayo haitakiwi kuwekwa kiti hata kimoja. Toa hivyo vyote utaona mita za mraba 600 zimeondoka hivihivi, umebaki na 1,200, na hapo ndo unapata watu 800 wanaokaa kwa raha. Tofauti ya watu 400 hiyo. Na ukishawaalika hao 400 zaidi hakuna mapambo yatakayoficha kwamba watu wamebanana, meza ya duara ya sentimita 180 inakaa watu 10 vizuri, ukiweka 12 viwiko vinagongana na mhudumu anapitisha sahani juu ya mabega ya watu. Kati ya meza na meza acha mita moja na nusu angalau, viti vya pande mbili vikivutwa nyuma lazima mtu aweze kupita katikati bila kuomba samahani kila hatua.

Kwa hiyo cha kwanza kabisa, kabla ya rangi, chukua tepu ya kupimia mkaupime ukumbi wenyewe, msitumie vipimo vya kwenye kipeperushi. Chora ramani kwa skeli, weka nguzo zote, weka milango na upande inakofungukia, weka soketi za umeme. Halafu nenda kasimame pale itakapokaa meza ya mwisho uangalie jukwaa litaonekanaje kutokea pale. Hiyo peke yake itabadilisha mambo mengi. Mfano mdogo lakini mzito, karibu kila mtu anaweka jukwaa kwenye ukuta mfupi kwa sababu picha inapendeza, ukumbi unaonekana mrefu kama njia ya kifalme. Kwenye ukumbi wetu ule wa mita 60 kwa 30 maana yake mgeni wa mwisho yuko mita 60 kutoka kwa mzungumzaji. Hamisha jukwaa uliweke katikati ya ukuta mrefu, mgeni aliye kwenye kona ya mbali kabisa anakuwa kama mita 42 tu. Umemsogeza mita 18 bila kununua kitu chochote. Mpambaji atalalamika, mpiga picha naye atalalamika, wasikilize kwa heshima halafu wabembeleze wakubali.

Sasa sauti, na hapa naomba nikae kidogo maana hapa ndo shughuli nyingi za gharama zinapofia.

Sauti hewani inakwenda kama mita 343 kwa sekunde. Inasikika kama kasi kubwa lakini kwa mita 60 inachukua zaidi kidogo ya moja ya sita ya sekunde, na sikio la binadamu linaikamata hiyo tofauti bila shida, mgeni wa nyuma anaona kwenye skrini mdomo umeshafunga neno ndo linafika. Halafu kila umbali unapokuwa mara mbili sauti inayotoka moja kwa moja kwenye spika inashuka karibu desibeli 6. Fundi asiyejua anaweka maspika mawili makubwa mbele na kupandisha voliumu, basi meza za mbele watu wanaziba masikio na meza za nyuma wanauliza amesema nini. Fundi anayejua anaweka maspika madogo mengi, mengine katikati ya ukumbi na mengine nyuma, na yale ya nyuma anayachelewesha kwa makusudi kwenye mitambo, kama milisekunde 3 kwa kila mita ya umbali na kidogo juu yake, ili sauti ya mbele na ya nyuma zifike pamoja na sikio liamini kwamba mtu anaongea kutokea jukwaani. Hii sio teknolojia ya ajabu, mitambo mingi ya sasa inaweza. Inachohitajika ni mtu kuuliza swali hilo kabla ya kusaini mkataba: maspika ya kuchelewesha utaweka mangapi na wapi? Akikushangaa tafuta mwingine.

Kuna kitu kingine ambacho hakuna spika inayokitibu nacho ni mwangwi. Mwaka 1895 chuo cha Harvard kule Marekani walikuwa na ukumbi wa mihadhara kwenye jengo la Fogg ambao maneno hayakueleweka kabisa, sauti ikitoka ilikuwa inachukua kama sekunde 5 na nusu mpaka ife, sasa mhadhiri anasema neno la kumi na la kwanza bado linazunguka darini. Wakampa kazi kijana mwalimu wa fizikia anaitwa Wallace Sabine. Alichofanya alikuwa anakwenda usiku kukiwa kimya, anabeba matakia ya viti kutoka ukumbi wa jirani wa Sanders, anayapanga ndani, anapima sauti inakufa kwa muda gani, anaongeza mengine anapima tena. Akapata kanuni ambayo mpaka leo wahandisi wanaitumia: chukua ujazo wa ukumbi kwa mita za ujazo, zidisha kwa 0.161, gawanya kwa jumla ya unyonyaji wa sauti wa kila kitu kilichomo, unapata sekunde za mwangwi. Ukumbi wa muziki wa Boston uliofunguliwa mwaka 1900 ulijengwa kwa ushauri wake na mpaka leo unasifiwa.

Nimeeleza yote hayo kwa sababu hesabu ya Sabine inamhusu mpambaji moja kwa moja. Ukumbi wetu wa 60 kwa 30 tukisema dari iko mita 10 juu, ujazo ni mita za ujazo 18,000. Ukiwa na sakafu ya marumaru, kuta za zege na vioo, unyonyaji wote labda ni kama 600, basi sauti inazunguka sekunde karibu 5 na hapo hotuba nzuri kuliko zote duniani inageuka kelele. Ili ushuke mpaka sekunde 2 unahitaji unyonyaji wa 1,450 hivi. Unautoa wapi? Watu wenyewe wananyonya sauti, nguo zao na miili yao, ndo maana majaribio ya maiki kwenye ukumbi mtupu yanadanganya, lakini watu peke yao hawatoshi. Kilichobaki ni vitambaa. Mapazia mazito yenye mikunjo mingi yaliyoachwa nafasi kidogo na ukuta, mazulia, viti vyenye matakia, mabango ya kitambaa kizito yaliyoning'inizwa juu. Yaani ileile pesa ya mapambo, ileile kabisa, inaweza kununua sauti inayoeleweka kama mpambaji na fundi wa sauti wangekaa meza moja tangu siku ya kwanza. Badala yake tunapamba kwa akriliki, vioo, plastiki inayong'aa na vitambaa vyembamba kama karatasi, vitu ambavyo sauti inavigonga na kurudi au inapita kama havipo. Sisemi vioo vibaya, ule ukumbi wa vioo kwenye kasri la Versailles kule Ufaransa una urefu wa mita 73 na vioo 357 na ulijengwa hivyo ili mwanga wa madirishani na wa mishumaa urudishwe ndani. Ila ule ulikuwa wa kutembea na kutazamana, sio wa kusikiliza hotuba kwenye maiki.

Taa nitapita haraka. Ukumbi mkubwa hauhitaji taa nyingi, unahitaji taa zilizopangwa. Dari ndefu mbaya iache gizani, kuta zipewe mwanga wa chini kwenda juu ili ukumbi usionekane hauna mwisho, kila meza ipate mwanga wake kidogo wa rangi ya joto, kama kelvini 2,700 mpaka 3,000 (kelvini ndo kipimo cha rangi ya mwanga), na uso wa mzungumzaji upigwe mwanga kutoka mbele kwa pembeni sio kutoka juu ya kichwa maana hapo macho yanakuwa mashimo. Meza za nyuma zisiachwe gizani eti kwa sababu kamera haifiki. Kwa umeme ni hivi, sauti na taa visitumie laini moja, mizigo igawanywe sawa kwenye fezi tatu, jenereta ziwe mbili na ya pili iwe imeshajaribiwa ikiwa imebeba mzigo, na mitambo ya sauti iwe na betri yake ya akiba ili umeme ukikatika isizime na kuanza kujiwasha upya wakati mgeni wa heshima yuko katikati ya sentensi. Na joto jamani. Mtu mmoja aliyekaa tu anatoa joto kama wati 100, watu 800 ni kilowati 80, weka na taa na chakula cha moto, halafu mtu anakuletea feni nne anasema zinatosha.

Mlangoni nako hesabu ni rahisi ila haifanywi. Wageni 800, kila mmoja akitumia sekunde 10 tu kuangaliwa kadi na kuonyeshwa meza, hizo ni sekunde 8,000 ambazo ni zaidi ya saa 2 kama mko na meza moja ya mapokezi. Wageni wa shughuli hawaji kidogokidogo, wanakuja wote ndani ya nusu saa. Kwa hiyo unahitaji sehemu 5 za kupokelea kwa uchache na kila moja iwe na mtu anayejua ramani ya ukumbi kwa kichwa. Hakuna kitu kinachoondoa hadhi ya shughuli kama mtu amevaa vizuri, mzee, amesimama foleni nje dakika 40 halafu anaingia anazunguka na kadi mkononi hajui meza namba 63 iko wapi. Namba za meza ziwe kubwa na ziko juu, zionekane mtu akiwa amesimama mlangoni. Vyoo navyo vihesabiwe kabla, na wanawake wapewe vingi zaidi, hili halihitaji mjadala.

Sasa naomba niseme kuhusu milango ya kutokea, na naomba wasomaji wasiruke hii sehemu. Tarehe 28 Novemba 1942 Boston kulikuwa na klabu ya kifahari inaitwa Cocoanut Grove. Ilipambwa kama kisiwa cha joto, minazi ya bandia, vitambaa vimefunika dari. Idhini ilikuwa ya watu 460 hivi lakini usiku ule inakadiriwa walikuwemo karibu 1,000. Moto ulianza kwenye mapambo chini kwenye baa ukapanda kwa vile vitambaa ndani ya dakika chache. Mlango mkuu ulikuwa ule wa kuzunguka, watu wakajazana ukakwama, milango mingine ilikuwa imefungwa na mingine ilikuwa inafungukia ndani. Walikufa watu 492. Baada ya hapo ndo sheria za Marekani zikabadilika, mlango wa kuzunguka lazima uwe na milango ya kawaida pembeni inayofungukia nje, mapambo ya kumbi lazima yasishike moto kirahisi. Na bado mwaka 2003 kwenye jimbo la Rhode Island klabu inaitwa The Station fataki za jukwaani ziliwasha sponji la ukutani lililowekwa kupunguza kelele, wakafa watu 100, wengi walikimbilia mlango uleule walioingilia wakati milango mingine ilikuwepo.

Nimekaa na hizo habari mbili miaka mingi. Kwenye zote mbili kilichoua kiliwekwa ili watu wafurahie. Na ukiangalia tunavyopamba leo, kitu cha kwanza mpambaji anachofunika kwa pazia ni mlango wa dharura kwa sababu ule ubao wa kijani unaharibu muonekano! Nawaomba wenzangu kwenye hii kazi, hapo tukatae. Tukatae hata kama mteja amekasirika. Mapazia yote yawe yametiwa dawa ya kuzuia moto na mpambaji alete karatasi ya kuonyesha hivyo, sponji linalouzwa kwa magodoro lisiwekwe ukutani eti linapunguza mwangwi, fataki za ndani zisiwepo kama mtu wa zimamoto hajaja kuangalia, na mtu mmoja apewe kazi moja tu usiku mzima ya kuzunguka kuhakikisha milango haijafungwa kufuli wala kuwekewa makreti ya soda. MC awatangazie watu mwanzoni kabisa milango iko wapi. Inachukua nusu dakika. Kwenye ndege tunasikiliza kila safari na hakuna anayesema imeharibu safari. Na vile vitu vya kuning'iniza, mataa makubwa ya vioo na mafremu ya chuma, visifungwe kwenye dari mpaka mhandisi wa jengo aseme kila sehemu inabeba kilo ngapi. Ghala lilijengwa libebe bati na upepo, halikujengwa libebe tani za chuma juu ya vichwa vya watu.

Najua kuna msomaji atasema haya mambo yanaua raha, anasa ni maua na dhahabu. Mimi nasema hapana. Mwaka 1966 mwandishi wa vitabu wa Marekani, Truman Capote, aliandaa dansi kwenye hoteli ya Plaza New York, wageni 540, na mpaka leo watu wa fani hii wanaizungumza kama moja ya shughuli kubwa za karne iliyopita. Alitumia kama dola 16,000, ambazo hata kwa wakati ule kwa watu wa aina ile hazikuwa pesa za kutisha. Maua hakuyategemea, alichofanya aliweka sharti moja, kila mtu avae nyeupe au nyeusi na barakoa, basi wageni wenyewe wakawa ndo mapambo, kila alipo mtu ukumbi umepambika, kona na katikati. Nilipoelewa hilo niliacha kuamini kwamba hadhi inatoka kwenye kiasi cha vitu.

Na kuna mwingine ambaye huwa namkumbuka kila ninapopewa orodha ya wageni ambayo bado inaongezeka siku ya shughuli. Aliitwa Vatel, Mfaransa, mwaka 1671 alikuwa msimamizi wa karamu ya mfalme Louis wa 14 kwenye kasri la Chantilly, siku kadhaa, mamia ya watu. Wakaja wageni wasiotarajiwa, nyama ya kuchoma ikapungua. Madame de Sévigné aliyeandika habari hizo kwenye barua zake anasema haikupungua kwenye meza ya mfalme, ilipungua kwenye zile za 25 huko. Fataki za usiku nazo zikafunikwa na wingu. Vatel hakulala, aliambiwa na mwajiri wake kwamba kila kitu kilikuwa kizuri lakini zile meza za mwisho hazikumtoka kichwani, na asubuhi samaki waliposhindwa kufika kwa wakati akajitoa uhai. Samaki wakafika baadae. Huwa inaniumiza hiyo habari maana yule bwana aliliona lile ambalo mabwana zake hawakuliona, kwamba meza ya 25 nayo ni ya mwenye shughuli, alikosa tu mtu wa kumsaidia kubeba. Hakuna karamu inayostahili maisha ya mtu, na mzigo kama ule haukutakiwa kuwa wa kichwa kimoja.

Kwa hiyo kwenye utaratibu wa chakula mimi napendekeza hivi. Orodha ya wageni ifungwe wiki mbili kabla, na baada ya hapo atakayeongeza jina aseme pia ametoa jina gani. Akiba ya chakula na viti iwepo hata hivyo. Jikoni ipimwe umbali wake, kama ni mita 60 mpaka meza ya mwisho mhudumu mwenye trei anatumia kama dakika nzima kwenda tu, chakula kinapoa njiani, basi wekeni kituo cha pili cha kugawia upande wa pili chenye vifaa vya kutunza joto. Na wahudumu waanze kugawa kwenye pande zote mbili za ukumbi kwa wakati mmoja, sio mbele kwenda nyuma, maana kwa mbele kwenda nyuma meza kuu wanamaliza kula hotuba zinaanza na nyuma huko watu bado wanatazama sahani tupu na vijiko vinagonga mpaka mwisho wa hotuba. Kila eneo la ukumbi, tuseme meza 10, liwe na kiongozi wake mwenye redio na ruhusa ya kuamua. Sio kila kitu mpaka aulizwe mwenyekiti wa kamati ambaye amekaa meza kuu amevaa suti na simu ameizima.

Mazoezi ni lazima, na sio ya MC tu. Usiku mmoja kabla, taa zote, sauti yote, wahudumu watembee na trei tupu, mtu asome hotuba jukwaani na mwingine akae meza ya mwisho aandike alichosikia. Neno kwa neno. Halafu mlinganishe karatasi. Sijawahi kuona mwenye shughuli aliyefanya hilo zoezi na kubaki na msimamo wake wa kwanza kuhusu maua.

Mwisho kabisa naomba niwaombee wale ambao hawamo kwenye picha yoyote. Shughuli ikiisha saa 8 usiku mteja anaondoka, mwenye ukumbi anataka funguo zake saa 12 asubuhi kwa sababu kuna shughuli nyingine, na vijana walioamka tangu alfajiri ya jana kufunga yale mafremu ndo haohao wanapanda ngazi kufungua, gizani maana mtu wa jenereta ameshazima kuokoa mafuta. Hapo ndo watu wanaanguka, wakati wageni wamelala. Kwenye mikataba yetu tuandike kabisa kwamba timu ya kufungua ni tofauti na ya kufunga, taa za ukumbi zinabaki zimewaka mpaka chuma cha mwisho kishuke, wanapata chakula cha moto kilekile cha wageni, na usafiri wa kuwarudisha nyumbani umeshalipiwa. Kama bajeti haitoshi, zikatwe nguzo mbili za maua pale mlangoni. Nawaomba na wenye kumbi waache kuuza ukumbi mmoja siku mbili mfululizo bila kuacha saa za kufungua, na wewe Mhariri nakuomba uwaulize hilo kwenye gazeti lako, wakijibu utuchapishie majibu yao.

Wako msomaji wa kila siku,
Msimamizi wa shughuli